Mama mkwe anataka mjukuu wake akatwe kimeo

Daktari, habari za kazi.

Naandika kwa haraka kwa sababu kesho kutwa kuna mtu ataletwa hapa nyumbani. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, yuko darasa la kwanza. Leo ni siku ya tatu koo linamuuma. Lilianza ghafla: alitoka shule mzima, jioni akawa anatetemeka na kushindwa kumeza hata mate. Nilimpeleka zahanati, wakampima joto likawa 38.9, uzito kilo 21. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Wakasema ni mafindofindo, nikanunue dawa. Duka la dawa wakanipa chupa moja ya amoksilini ya maji, ile ya miligramu 125 kwa kijiko, nimpe kijiko kimoja mara tatu kwa siku tano, na nikiona nafuu naweza kuacha. Nimeanza jana.

Hakohoi, hana mafua. Nikimmulika kwa tochi ya simu naona nyama mbili za pembeni zimevimba, nyekundu, zina vidoa vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Chini ya taya kuna vitezi, nikivigusa analia.

Mama mkwe wangu ndiye ninayeishi naye. Anasema tatizo ni kimeo kirefu, kwa sababu hii ni mara ya tatu mwaka huu, na watoto wake wote aliwakatisha wakapona. Amempigia fundi wa vimeo. Mume wangu yuko machimboni Geita, nikimpigia anasema, "Msikilize mama." Mimi sitaki, lakini sina la kumjibu mzee wa watu.

Na mimi mwenyewe tangu jana koo linawasha, nina mafua na kikohozi. Nikinywa dawa ya mtoto ni vibaya? Nina mwingine wa mwaka mmoja na nusu, naogopa naye asiambukizwe.

Mama wa wawili, Kilosa

JIBU

Dada yangu, pole sana. Kwa kuwa siku zilikuwa zinakimbia nilikujibu kwa ufupi siku ileile: kimeo kisiguswe, na kesho yake asubuhi mrudishe mtoto kituo cha afya na chupa ya dawa mkononi. Hapa naeleza kwa urefu, maana barua kama yako huja nyingi na kila moja ina mtoto ndani yake.

Kwanza nikupongeze kwa tochi ya simu. Ulichokiona na kukiandika ndicho mimi ningekitafuta kama mtoto angekuwa mbele yangu. Makoo mengi yanayouma husababishwa na virusi, walewale wa mafua, na hayo hupona yenyewe ndani ya wiki moja bila antibayotiki yoyote. Kazi ya mtabibu ni kuwatambua wachache ambao koo lao limeshambuliwa na bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Kwa watoto wa umri wa shule ni kama 2 au 3 kati ya kila 10 wenye koo bichi, yaani koo linalouma. Kwa watu wazima ni wachache zaidi.

Tunawatambua kwa maswali manne. Je, ana homa inayozidi 38? Je, hakohoi? Je, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma? Je, tonsili, zile nyama mbili za pembeni ulizozimulika, zimevimba au zina usaha? Kila jibu la ndiyo ni alama moja, na mtoto wa miaka 3 hadi 14 anaongezewa alama moja kwa umri wake. Mwanao ana zote tano. Hata hivyo niseme ukweli: hata mwenye alama zote, uwezekano wa kuwa ni streptokoka ni kama nusu kwa nusu. Kuna kipimo cha haraka cha kupaka pamba kooni, kinachotoa jibu ndani ya dakika chache, lakini vituo vyetu vingi havina. Mahali pasipo na kipimo, mtoto wa miaka 7 mwenye alama zote tano anatibiwa kama mwenye bakteria. Sababu ya kutosubiri nitakueleza, nayo haiko kooni.

Sasa hiyo dawa. Amoksilini ni chaguo sahihi. Kilichokosewa ni kiasi na siku, na naomba tupige hesabu pamoja kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wanapopotelea. Kwa koo la streptokoka kipimo cha mtoto ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, bila kuzidi miligramu 1,000. Kilo 21 zinatupeleka kwenye 1,000 hiyo, inayoweza kutolewa yote mara moja kwa siku au kugawanywa mara mbili. Wewe umeambiwa kijiko cha 125 mara tatu, yaani 375 kwa siku. Ni pungufu ya nusu. Halafu siku: zinatakiwa 10, umepewa 5, na ruhusa ya kuacha mapema juu yake. Chupa ya mililita 100 ya aina hiyo ina miligramu 2,500 tu. Kwa dozi kamili ya siku 10 mwanao anahitaji 10,000, yaani chupa nne. Kwa hiyo usishangae kwamba koo limerudi mara tatu mwaka huu. Kama kila mara alipewa chupa moja, huenda hajawahi kumaliza dozi hata mara moja.

Usijiongezee vijiko mwenyewe kwa kusoma haya. Nenda kituoni, mweleze mtabibu uzito na idadi ya alama, umwombe aandike dozi kwa kilo 21 kwa siku 10. Kama chupa nne ni mzigo, kuna vidonge vya amoksilini vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye maji kidogo. Ni 40 kwa matibabu yote, na ni rahisi zaidi kuvihesabu kuliko vijiko, maana kijiko cha chai cha nyumba yako na cha jirani havilingani. Penisilini V ya kunywa nayo inafaa, miligramu 250 mara mbili au tatu kwa siku kwa mtoto aliye chini ya kilo 27, siku 10 vilevile.

Ipo pia njia ya sindano moja: benzathini penisilini, yuniti 600,000 kwa mtoto wa uzito wake, inachomwa mara moja msulini na inabaki ikifanya kazi mwilini kwa wiki kadhaa. Inauma, mtoto atalia, na baadaye atachechemea kidogo. Lakini kwa familia ambayo unajua siku ya nne mtoto atakuwa anacheza mpira na dawa itasahaulika kabatini, mimi huipenda sindano hiyo. Hakikisha tu mnauliza kabla kama aliwahi kuvimba uso, kutoka vipele au kubanwa pumzi baada ya dawa za jamii ya penisilini, na baada ya sindano msiondoke kituoni kabla ya nusu saa kupita.

Kuna jambo linalonitia uchungu katika maduka ya dawa. Mtu akilalamika koo limerudi, anapandishiwa dawa: azithromaisini, au sindano za bei kubwa. Tangu penisilini ianze kutumika miaka ya 1940, streptokoka huyu hajawahi kuwa sugu kwake. Dawa ya zamani, ya bei nafuu, bado ndiyo bora. Azithromaisini ibaki kwa wasioweza kutumia penisilini. Nayo kotrimoksazoli, ambayo nyumba nyingi huiweka akiba, si dawa ya kumtegemea kumwondoa bakteria huyu kooni.

Nimesema sababu ya kutosubiri haiko kooni. Koo lenyewe lingepona hata bila dawa, ndani ya siku saba hivi. Ubaya unakuja wiki mbili au tatu baadaye, mtoto akiwa ameshasahau kama aliumwa. Mwili unapopigana na streptokoka unatengeneza kinga dhidi ya sura ya bakteria huyo, na sehemu fulani za moyo zina sura inayokaribiana naye. Kinga inashambulia moyo, kama sungusungu wanaompiga mtu asiye na hatia kwa sababu amevaa shati la rangi ya mwizi. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na inawapenda watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo huvimba na kuuma kwa kuhama, leo goti, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko. Maumivu ya viungo huisha. Valvu za moyo, yaani milango yake ya kupitisha damu, ndizo zinazobaki na makovu, hasa ile ya upande wa kushoto iitwayo mitral, na kila koo jipya lisilotibiwa linaweza kuongeza kovu juu ya kovu.

Miaka kadhaa baadaye unamkuta msichana wa sekondari anayehema akipanda ngazi, au mama kijana anayezidiwa akiwa mjamzito, na hakuna anayekumbuka koo la utotoni. Wapo wanaofika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili kupasuliwa na kubadilishiwa valvu. Aliyewekewa valvu ya chuma anameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Ni watoto wachache kati ya wenye koo bichi wanaofikia huko, na sitaki ulale kwa hofu. Lakini dozi kamili ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, tunaweza kuizuia homa hiyo. Wewe ulikuwa siku ya tatu ulipoandika. Una muda wa kutosha.

Tuje kwenye kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kila mtu anacho, na kina kazi: kinasaidia kuziba njia ya pua tunapomeza, na kinalainisha koo. Koo likiugua, kila kitu humo kinavimba pamoja, kimeo nacho. Mtu akifungua kinywa cha mtoto mgonjwa ataona kimeo kikubwa, chekundu, kimelala juu ya ulimi. Si mama mkwe wako peke yake anayekiona hivyo, na macho yake hayamdanganyi. Ila kimeo kimevimba kwa sababu koo linaumwa. Koo haliumwi kwa sababu ya kimeo.

Halafu angalia siku zinavyokwenda. Fundi huitwa siku ya tatu au ya nne, mateso yakiwa kileleni. Siku ya saba mtoto anakula ugali. Angepona siku hiyohiyo bila wembe, lakini sifa anabeba fundi, na bibi anasema kwa moyo safi kabisa kwamba wanawe walipona. Walipona kweli. Wale ambao hawakupona hawapo kusimulia. Nyuma ya kinywa kuna mishipa mingi ya damu, na mtoto akitokwa damu pale anaimeza kimyakimya usiku, mnagundua asubuhi amepauka. Kifaa kisichochemshwa kinaleta pepopunda na usaha unaoshuka shingoni, na kama kilitumika kwa mtoto mwingine, kinaweza kuleta homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Tena kidonda kibichi katika koo lililojaa bakteria ni mlango wazi wa kuingia kwenye damu. Na hata akivuka yote hayo salama, streptokoka bado yuko kwenye tonsili na moyo bado haujakingwa.

Majirani watakwambia basi akatwe tonsili hospitalini. Hiyo ni habari nyingine, inafanywa na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, mtoto akiwa amelazwa usingizi. Kwa kawaida hufikiriwa kwa mtoto aliyeugua koo kweli, kwa vipindi vilivyothibitishwa, mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Mwanao hajafika huko. Mpe kwanza dozi kamili moja tuone.

Wewe mwenyewe, mama, usiguse dawa yake. Una mafua, unakohoa, koo linawasha tu, na hukuniambia kama una homa. Hayo ni ya virusi, na antibayotiki haitakufaa kitu. Mnaweza kuwa nyumba moja, mkaumwa koo wiki moja, na magonjwa yakawa mawili tofauti. Kunywa maji, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, meza parasetamoli ukiumia. Ukipata homa kali na tezi za shingo zikauma, hapo rudi nikusome upya. Huyo mdogo wa mwaka na nusu simhofii sana, kwa kuwa chini ya miaka 3 koo la streptokoka ni nadra na homa ya baridi yabisi ni nadra zaidi. Kikombe na kijiko cha kaka yake vitengwe na kuoshwa kwa sabuni. Kaka asirudi shule mpaka saa 24 zipite tangu aanze dawa kwa kipimo sahihi na homa iwe imeshuka.

Maumivu ya mtoto yasidharauliwe wakati mnasubiri antibayotiki ifanye kazi. Parasetamoli kwa uzito wake ni nusu ya kidonge cha miligramu 500, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asipewe kabisa, ina hatari yake kwa watoto. Uji usiwe wa moto mkali, mtindi na maji ya madafu hupita vizuri. Asali na limau katika maji ya uvuguvugu ni sawa kwake, si kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Asipakwe mafuta ya taa kooni, wala asisuguliwe tonsili kwa kidole ili vidoa vitoke.

Usiku wowote ukiona haya, usingoje kupambazuke: mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza, anakoroma au kutoa mlio akivuta pumzi, anakaa ameinama mbele akitafuta hewa, hawezi kufungua taya, sauti imekuwa nzito ya kuzibwa, upande mmoja wa koo umevimba kupita mwingine, au shingo haikunjiki. Na tazama tena vile vidoa. Usaha wa tonsili ni mweupe au wa njano na hukaa juu ya tonsili. Ukiona utando wa kijivu ulioshikamana, unaosambaa nje ya tonsili na kutoa damu ukiguswa, shingo nayo imevimba, fikiria dondakoo na ukimbie hospitali. Kwa hiyo fungua kadi yake ya kliniki uhakikishe chanjo tatu za kuzuia dondakoo, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zilichomwa. Kama kuna pengo, mwambie muuguzi.

Baada ya dozi kuisha, mwangalie kwa wiki tatu au nne. Goti likivimba bila kuanguka, akianza kuhema kwa kazi ndogo, mikono ikicheza bila yeye kutaka, au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi na uso umevimba asubuhi, arudi hospitali na uwaambie wazi kwamba alikuwa na koo bichi mwezi uliopita. Bila neno hilo, wanaweza kutafuta mbali.

Sasa mzee wetu. Usimwambie kwamba aliwaharibu wanawe. Mama huyu amelea watoto mpaka wakawa watu wazima, mmoja wao ni mumeo, na anachotaka ni mjukuu apone. Mwendee jioni, si mbele ya mtoto wala majirani, umwambie: "Mama, naomba unisindikize kituoni kesho, tukamsikilize mtabibu sote wawili. Ukirudi hujaridhika, tutazungumza tena." Wazee wengi hukubali kuombwa kusindikiza, hata wale ambao hawakubali kuambiwa. Huko kituoni mwombe mtabibu amwonyeshe koo kwa tochi, aone kwa macho yake kwamba usaha uko kwenye tonsili na si kwenye kimeo. Kisha mpe kazi ya kushika dawa. Vile vidonge 40 vikae chumbani kwake, yeye ndiye amwite mjukuu kila asubuhi na jioni. Ukishamkabidhi siku zote 10, hakuna atakayethubutu kuacha siku ya tano.

Mumeo naye mtumie barua hii aisome. Mweleze kwamba kumpigia fundi simu na kumwambia asije ni kazi yake yeye, kijana wa mama, na si ya mkwe. Aipige leo.